Moto, umeme na mngurumo: lugha ya hitilafu katika gari la zamani

Katika Kiswahili, "Gari limewaka" ni habari njema. "Gari limewaka moto" ni habari ya msiba. Sentensi ya kwanza ina maana kwamba injini imeanza kufanya kazi. Ya pili ina maana kwamba gari linateketea. Kinachozitenganisha ni nomino moja tu, na mzawa wa lugha hii haoni utata wowote. Anayekwama ni mwanafunzi anayejifunza Kiswahili, au mfasiri aliyekabidhiwa kitabu cha maelekezo ya gari.

Makala haya yanachunguza msamiati na miundo inayotumika kueleza matatizo mawili yanayojitokeza sana katika magari ya zamani: hitilafu za umeme, na mngurumo usiotulia wa injini gari likiwa limesimama. Magari yanayokusudiwa ni ya petroli yenye betri ya volti 12, hasa yale yenye kabureta na distribyuta, yaliyotengenezwa kabla ya kompyuta kushika usimamizi wa injini. Maneno ya ufundi hayaelezeki vizuri yakitengwa na kazi ya vitu vyenyewe. Kwa hiyo kila neno linawekwa hapa mahali pake katika uchunguzi wa hitilafu.

1. Umeme, stima, moto na cheche

Nomino *umeme* kwa asili hutaja mwanga unaomulika angani wakati wa mvua ya radi, na maana hiyo bado ipo. Maana ya nishati inayopita katika nyaya ilijengwa juu yake. Nchini Kenya nishati hiyo huitwa pia *stima*, neno lililotokana na Kiingereza kwa maana ya mvuke na ambalo lilitumika pia kwa meli inayoendeshwa kwa mvuke. Katika maandishi yanayokusudiwa kusomwa Afrika Mashariki nzima, *umeme* ndilo neno salama zaidi.

Katika gereji, hata hivyo, neno linalosikika zaidi kuliko *umeme* ni *moto*. Neno hili hubeba maana nne zinazopaswa kutenganishwa:

(a) Joto la kawaida la kazi: "Injini ikishapata moto, inatulia."

(b) Mkondo wa umeme: "Waya huu una moto hata ufunguo ukiwa umetolewa."

(c) Cheche inayorushwa na plagi: "Plagi ya tatu haipati moto."

(d) Mwako unaoteketeza: "Gari limeshika moto karibu na betri."

Maana haitambuliwi kwa nomino *moto* peke yake bali kwa kitenzi na kiima vinavyoandamana nayo. *Kupata moto* kwa injini ni kufikia joto la kazi. Kwa plagi ni kupokea umeme wa kutoa cheche. *Kuwa na moto* kwa waya ni kupitisha umeme. *Kushika moto* na *kuwaka moto* ni kuungua. Ikumbukwe pia kwamba "injini imepata moto" si malalamiko. Joto linapopita kiasi, husemwa kwamba gari *linachemsha*.

Katika maandishi rasmi inafaa kila dhana ipewe neno lake: *joto* kwa maana ya kwanza, *umeme* au *mkondo wa umeme* kwa ya pili, *cheche* kwa ya tatu, na *moto* ibaki kwa ya nne. Onyo la usalama linalosema "hakikisha waya hauna moto" linaweza kueleweka kuwa "hakikisha waya haujapata joto". Msomaji atakayeugusa waya, akauona baridi na kuendelea na kazi, atakuwa amesoma sentensi sawasawa na kuumia kwa sababu yake.

2. Hitilafu, kasoro na ubovu

*Hitilafu* ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni tofauti au kutokubaliana. Maana hiyo imehifadhiwa katika kitenzi *kuhitilafiana*: "Ndugu hao walihitilafiana kuhusu shamba." Katika ufundi, hitilafu ni hali ya kifaa kutenda tofauti na kilivyokusudiwa. *Kasoro* ni upungufu, na aghalabu hutumika pale kifaa kinapofanya kazi lakini si kikamilifu. *Ubovu* ni hali ya kuharibika. Kwa hiyo altaneta inayochaji chini ya kiwango ina kasoro. Isiyochaji kabisa ni mbovu. Na mfumo mzima wa kuchaji, kabla sababu haijajulikana, una hitilafu.

"Hitilafu ya umeme" ni jina la jumla mno kwa mtu anayetaka kutengeneza kitu. Chini yake kuna hali tatu ambazo lugha hutofautisha kwa vitenzi:

*Kukatika*: njia ya umeme imevunjika, na umeme haufiki unakotakiwa. Taa haiwaki, lakini fyuzi ni nzima.

*Kupiga shoti*: umeme umepata njia isiyo yake, kwa kawaida kutoka waya uliochubuka kwenda kwenye bati la gari. Mkondo huwa mkubwa ghafla, na fyuzi huungua.

*Kulegea* au *kushika kutu*: njia ipo lakini ni nyembamba. Umeme hufika kwa upungufu. Taa hufifia na kiungio hupata joto.

Hali hii ya tatu ndiyo inayosumbua zaidi katika gari la zamani, kwa sababu huja na kuondoka. Gari hukataa asubuhi, likakubali mbele ya fundi, kisha likakataa tena njiani.

3. Kuwaka, kuwasha, kuzima, kuzimika

Mnyambuliko wa vitenzi hivi hubeba taarifa ambayo fundi huihitaji. *Kuwaka* hakina yambwa: gari linawaka. *Kuwasha* ni kauli ya kusababisha: dereva anawasha gari. "Gari haliwaki" ni taarifa kuhusu gari; "siwezi kuliwasha" ni taarifa inayoacha nafasi kwamba tatizo liko kwa ufunguo au kwa dereva mwenyewe.

*Kuzima* hutumika bila yambwa ("gari limezima") na pamoja na yambwa ("zima gari"). *Kuzimika* hudokeza kuzima bila kuzimwa na mtu: "Limezimika nilipokuwa nikisubiri taa za barabarani." *Kuzimwa* humtaja mtendaji, hata asipotajwa jina. Mfasiri wa ripoti ya ajali au ya bima hana budi kuzingatia tofauti hii, kwa kuwa "gari lilizimwa" na "gari lilizimika" huweka wajibu mahali tofauti.

Urudufishaji wa kitenzi huonyesha jambo linalojirudia kwa vipindi. "Injini inazima" inaweza kuwa mara moja kwa siku. "Inazimazima" ni mara kwa mara. "Umeme unakatika" ni tukio. "Unakatikakatika" ni tabia. Vivyo hivyo, viambishi vya njeo na hali vina kazi ya kiufundi:

"Taa imefifia" (hali iliyopo sasa).

"Taa hufifia" (desturi ya gari hili).

"Taa inafifia likisimama" (masharti yametajwa).

Kiambishi *-ki-* katika sentensi ya mwisho kina thamani kubwa kuliko vyote, kwa sababu huunganisha dalili na mazingira yake. Linazima likiwa la baridi? Likishapata moto? Likiwashwa taa za mbele? Likivuka dimbwi? Kila swali kati ya hayo huelekeza mkono wa fundi mahali tofauti.

4. Ngeli na upatanisho

*Gari* limo katika ngeli ya [li-/ya-]: gari limewaka, magari yamewaka. Katika mazungumzo ya kila siku upatanisho wa [i-] umeenea sana, "gari imewaka", na husikika hata kwa watu waliosoma. Katika maandishi rasmi upatanisho wa [li-] ndio unaotarajiwa, na mtahini atauhesabu.

*Betri*, *injini*, *plagi*, *fyuzi*, *stata*, *altaneta* na *cheche* hufuata [i-/zi-]. *Moto* hufuata [u-/i-], wingi wake *mioto*. *Mngurumo* pia hufuata [u-/i-]: mngurumo huu, mingurumo hii. *Waya* hutumika kwa namna mbili: *waya huu, nyaya hizi*, au *waya hii, waya hizi*. Namna ya kwanza ina faida ya kutofautisha umoja na wingi, jambo lenye umuhimu katika maelekezo: "kaza waya" haimwambii fundi kama ni mmoja au zaidi, lakini "kaza nyaya" humwambia.

Kuhusu umri wa gari, *gari la zamani* hutaja miaka tu na halina dharau. *Gari kuukuu* ni lililotumika sana. *Gari chakavu* limechoka, na *mkweche* ni neno la mzaha au la dharau. Gari la mwaka 1975 lililotunzwa vizuri ni la zamani bila kuwa chakavu; na la miaka kumi iliyopita laweza kuwa mkweche.

5. Maneno ya uchunguzi wa umeme

Uchunguzi huanzia kwenye betri. *Ncha* zake mbili ni *chanya* na *hasi*. Katika gari la zamani ncha hizo mara nyingi huota unga mweupe au wa kijani, unaozuia umeme kupita. Kazi ya kwanza, kwa hiyo, ni *kusafisha* na *kukaza*. Neno *msasa*, linalotumika kwa karatasi ya kusugulia, lilitokana na mti wenye majani ya kukwaruza yaliyotumiwa kusugulia mbao.

Betri yenye afya iliyopumzika baada ya kuchajiwa huonyesha takribani volti 12.6 kwenye multimita. Ikionyesha takribani 12.2, imebakiwa na kama nusu ya chaji. Chini ya 12.0, imeisha. Injini inapozunguka na altaneta ikafanya kazi yake, kipimo hupanda hadi kati ya volti 13.8 na 14.5. Kisipopanda, betri haichaji hata kama ni mpya. Hapa ndipo vitenzi *kuchaji* na *kuchajiwa* huchanganywa. Altaneta *inachaji*, betri *inachajiwa* au *inapokea chaji*. Katika mazungumzo "betri haichaji" hukubalika, lakini haisemi kama kosa ni la mtoaji au la mpokeaji.

Dereva anapogeuza ufunguo, husemwa kwamba *anapiga selfu* au *anapiga stata*. Matokeo yana misamiati yake:

*Inatoa mlio wa tik-tik bila kuzunguka*: mara nyingi betri imepungukiwa au ncha zimelegea.

*Inazunguka kwa uzito*: betri dhaifu, viungio vichafu, au stata iliyochoka.

*Inazunguka vizuri lakini haiwaki*: stata imetenda kazi yake, tatizo litafutwe kwenye cheche au kwenye petroli.

*Haitoi mlio wowote na taa zimebaki kali*: betri ina nguvu, njia ya kwenda kwenye stata imekatika, au swichi ya ufunguo ni mbovu.

Tofauti ya tatu na ya nne ndiyo inayopotea katika usemi wa jumla "gari haliwaki". Magari mawili yanayoelezwa kwa sentensi hiyo moja yanaweza kuwa na ugonjwa katika pande mbili zisizohusiana.

Baada ya betri huja *waya wa bodi*. Katika gari, umeme hutoka betrini kwa waya na kurudi kwa kupitia bati la gari na chuma cha injini. Waya mnene huunganisha injini na bodi. Waya huo ukilegea au ukiliwa na kutu, umeme hutafuta njia nyingine ya kurudia, ikiwemo kebo ya mafuta au ya klachi, ambazo hazikutengenezwa kwa kazi hiyo na huweza kupata joto hadi kuharibika. Kipimo chake ni rahisi: ncha moja ya multimita huwekwa kwenye ncha ya betri inayokwenda bodini, nyingine kwenye chuma safi cha injini, kisha selfu hupigwa. Tofauti ikizidi nusu volti, njia ya kurudia ina kizuizi.

Mwisho ni *fyuzi*. Fyuzi iliyoungua hubadilishwa kwa nyingine yenye ampea zilezile. Kuweka kipande cha waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi ni kuondoa kiungo dhaifu kilichowekwa makusudi. Shoti ikirudi, kitakachoungua ni nyaya zenyewe, na hapo sentensi iliyofungua makala haya hubadilika kutoka ya kwanza kwenda ya pili.

6. Mngurumo usiotulia

Injini inapofanya kazi gari likiwa limesimama na dereva hakanyagi mafuta, huzunguka polepole. Kwa magari mengi ya zamani kasi hiyo huwa kati ya mizunguko 700 na 900 kwa dakika. Kiswahili sanifu hakina neno moja lililozoeleka kwa hali hii. Katika gereji za Tanzania husikika *sailensi*, kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya ukimya: "Ikiwa sailensi inatetemeka." Neno hilo lisichanganywe na *sailensa*, kifaa cha kupunguza kelele kwenye bomba la moshi, ingawa wapo mafundi wanaolitamka hivyohivyo kwa maana zote mbili. Katika maandishi rasmi, maelezo kamili yanafaa zaidi: "injini inaponguruma gari likiwa limesimama", au kwa ufupi, baada ya maelezo hayo kutolewa mara moja, "mngurumo wa kusimama".

Dalili za mngurumo usiotulia huelezwa kwa vitenzi vilivyochukuliwa kutoka mwili wa binadamu. Injini *hutetemeka*, *hukohoa*, *hukosa pumzi*, *hushtuka*. Si mapambo, kila kimoja hutaja jambo mahususi. Kutetemeka kwa mpigo uleule bila kukoma hudokeza kwamba silinda moja haifanyi kazi. Mafundi husema injini *inakosa* au *inamisi*. Kukohoa kupitia kabureta hudokeza mchanganyiko wenye petroli kidogo kuliko hewa, au cheche inayokuja wakati usio wake. Kupanda na kushuka kwa mngurumo kama mtu anayehema hudokeza hewa inayoingia mahali isipotakiwa.

Plagi hutoa ushahidi unaosomeka kwa macho. Ikitolewa ikiwa na rangi ya kahawia hafifu au kijivu, silinda hiyo inachoma vizuri. Masizi meusi makavu humaanisha petroli nyingi mno au cheche dhaifu. Weupe wa chaki humaanisha joto kubwa au petroli pungufu. Utelezi wa oili humaanisha kwamba oili inapenya mahali pa mwako. Kwa Kiswahili fundi husema "ameisoma plagi", na kitenzi hicho kimetumika kwa haki.

Waya za plagi hupangwa kwa mfuatano maalumu; katika injini nyingi za silinda nne ni 1-3-4-2. Waya mbili zikibadilishana nafasi, injini hutetemeka vibaya ingawa kila kifaa ni kizima. Kifuniko cha distribyuta chenye ufa huruhusu cheche kukimbilia isikotakiwa, hasa wakati wa unyevu. Ndiyo maana gari hukosa asubuhi ya mvua na kutulia mchana. Pointi zilizochakaa hudhoofisha cheche na kubadilisha wakati wake. Mpira wa hewa uliopasuka kati ya kabureta na silinda huingiza hewa ya ziada. Nafasi hii yenye msukumo mdogo wa hewa huitwa *ombwe* katika istilahi za fizikia. Fundi husema tu "inavuta hewa".

Kipo kipimo cha zamani cha kuchomoa waya za plagi moja baada ya nyingine injini ikiwa inanguruma. Silinda ambayo kuchomolewa kwa waya wake hakubadilishi mngurumo ndiyo iliyo mbovu. Hufanywa kwa koleo lenye mpini wa kuzuia umeme, na tu katika mfumo wa pointi. Mifumo ya elektroniki huweza kuharibika kwa kipimo hiki. Mfasiri anayekutana na maelezo yake asiache sharti hilo hata likiwa limewekwa pembeni mwa ukurasa.

7. Pale matatizo mawili yanapokutana

Umeme na mngurumo hufundishwa kama mada mbili, lakini katika gari moja huathiriana. Kasi ya kusimama ikiwa chini mno, altaneta huzunguka polepole na kutoa umeme mdogo, taa hufifia. Taa, feni na redio zikiwashwa pamoja, altaneta huwa nzito kuizungusha. Mngurumo hushuka, na injini isiyo na akiba ya nguvu huzimika. Kwa sababu hiyo sentensi "taa zinafifia likisimama" inaweza kuwa malalamiko ya umeme au ya kabureta.

Utaratibu unaokubalika ni kuanza na betri na viungio, kufuata na valvu na cheche, na kurekebisha kabureta mwisho. Anayeanza na skrubu ya kabureta huficha hitilafu ya cheche kwa kuongeza mafuta. Gari hutulia kwa wiki moja, hula petroli, kisha plagi hujaa masizi na tatizo hurudi likiwa na mwenzake.

8. Dalili na hukumu

Tofauti iliyo muhimu kuliko zote katika lugha ya hitilafu ni kati ya kueleza dalili na kutoa hukumu. Mazungumzo mawili ya mfano yanaionyesha.

"Habari za kazi, fundi?"

"Salama tu, mama. Gari ina nini?"

"Betri imekufa. Naomba unifungie nyingine."

Fundi akitii, betri mpya itafungwa, na pesa italipwa. Kama altaneta haikuwa ikichaji, betri hiyo nayo itaisha baada ya siku chache, na mama huyo atarudi akiamini kwamba ameuziwa betri mbovu. Hakuna aliyesema uongo.

"Habari za kazi, fundi?"

"Salama tu, mama. Gari ina nini?"

"Asubuhi nikipiga selfu inazunguka kwa uzito. Ikishawaka, taa ya betri inabaki inawaka hafifu. Usiku taa za mbele zinafifia nikisimama kwenye foleni, nikikanyaga mafuta zinakolea kidogo."

"Basi usinunue kitu kwanza, mama. Tuangalie mkanda wa altaneta."

Katika mazungumzo ya pili mteja hakutaja kifaa chochote kuwa kibovu. Alitumia vitenzi na kiambishi *-ki-*. Mkanda uliolegea unaweza kukazwa kwa dakika chache na bila kununua kifaa. Mwalimu anayefundisha sentensi za masharti atapata hapa mfano ambao mwanafunzi hatausahau, kwa kuwa tofauti kati ya "imekufa" na "zinafifia nikisimama" ina bei.

9. Makosa yanayojitokeza katika tafsiri

Kosa la kwanza ni kutafsiri waya wa bodi kuwa "waya wa ardhini". Kiingereza hutumia neno la ardhi kwa njia ya kurudishia umeme, na katika nyumba waya huo huteremka kweli hadi udongoni. Gari limesimama juu ya mpira na halina uhusiano huo na udongo. "Unganisha na ardhi" ni agizo lisilotekelezeka. "Unganisha na chuma kisicho na rangi cha bodi au injini" ndiyo tafsiri.

Kosa la pili ni kudhani kwamba waya wa bodi daima ni hasi. Katika magari mengi ndivyo ilivyo, lakini baadhi ya magari ya Uingereza ya miaka ya 1950 na 1960 yaliunganishwa chanya na bodi. Kanuni ya usalama ya kutoa betri ni kuanza na ncha inayokwenda bodini na kuirudisha mwisho. Sababu yake ni kwamba spana ikigusa bati wakati ncha nyingine inafunguliwa, hapatakuwa na njia ya kupiga shoti. Mfasiri aliyeandika "anza na hasi" kwa gari la aina hiyo amegeuza kanuni kuwa hatari.

Kosa la tatu ni kutafsiri mngurumo wa kusimama kwa neno la uvivu au la kukaa bure. Injini inayonguruma gari likiwa limesimama haikai bure. Inazungusha altaneta na pampu ya maji, na kama ni mbovu, ndipo inapojulikana.

Kosa la nne ni kupoteza mfuatano. Maelekezo ya ufundi hutegemea *kwanza*, *kisha*, *kabla ya* na *baada ya*. "Kaza ncha baada ya kuzisafisha" na "safisha ncha baada ya kuzikaza" zina maneno yaleyale karibu yote. Kiambishi *-sha-* husaidia pale mfuatano unapotakiwa kuwa wazi: "Ukishazima injini, fungua ncha." Kitabu cha maelekezo kikitumia *na* peke yake, "zima injini na fungua ncha", msomaji anaweza kuyafanya yote mawili kwa wakati mmoja. Kufungua ncha ya betri injini ikiwa inazunguka, desturi ambayo bado hutumika kama njia ya kupima altaneta, huweza kupandisha volti ghafla na kuunguza vifaa vya elektroniki, ikiwemo altaneta yenyewe.

Katika uhariri wa tafsiri za aina hii, kipimo kinachofaa ni kumpa fundi asome sentensi na aonyeshe kwa mkono atakachofanya. Mkono ukienda kwenye ncha sahihi, sentensi imepita. Ukisita, sentensi ndiyo inayorudishwa gereji.